Kwa Waziri wa Fedha wa Uingereza: mnara wa Chesterfield na kodi ya kuzeeka

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni seremala. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ninachopimia mbao kichwani; wakalimani hukosi.

Ukishuka stesheni ya Chesterfield, macho yanakimbilia mnara wa kanisa la parokia la Mtakatifu Maria na Watakatifu Wote. Mgeni hudhani ameona vibaya. Umejisokota kama nguo iliyokamuliwa, nyuzi 45, na ncha yake imekwenda kando karibu mita 3. Wenyeji husimulia kwamba mhunzi wa Bolsover, mji wa jirani, alimpigilia shetani kiatu cha chuma, msumari ukaingia nyamani, naye akaruka kwa maumivu na kuupiga mnara teke. Mimi nikiutazama naona kazi ya wenzangu.

Sehemu ile iliyochongoka ni kiunzi cha mwaloni cha mnamo 1362, kimekalia mnara wa mawe. Kutoka ardhini hadi nchani ni karibu mita 70. Mbao zilikuwa mbichi. Hilo si kosa: mafundi wa zama zile walichonga mwaloni mbichi, maana ukikauka unakula patasi. Penye kasoro ni mikingamo, haikutosha. Mbao zikikauka hujipinda, na pasipo mbao za mshazari hakuna wa kuzishika. Juu yake wakaweka madini ya risasi, tani 33 kwa hesabu inayotajwa, mabamba yamepangwa kama mifupa ya samaki, na upande wa kusini unapigwa jua kuliko mwingine. Wapo wanaosema mafundi wazuri walikwishakufa kwa Tauni ya 1348–1349. Huenda. Sisi husema samaki mkunje angali mbichi. Mwaloni huu ulijikunja wenyewe.

Desemba 1961 moto uliteketeza bawa la kaskazini pamoja na kinanda kilichoundwa na fundi Snetzler mwaka 1756. Mnara ukapona.

Sasa shida yangu na wewe. Parokia ikijenga kanisa jipya leo, VAT ni sifuri. Ikibadilisha boriti iliyooza kwenye kanisa la miaka 600, inatozwa asilimia 20. Ruzuku ya kuirudisha pesa hiyo ilianza 2001, lakini mwaka 2025 serikali yenu iliiwekea ukomo wa pauni 25,000 kwa jengo kwa mwaka. Yaani kazi ilipozidi pauni 125,000, kodi ya ziada ilitoka kwenye kapu la sadaka. Na fundi hajagusa hata msumari, kwanza kuna jukwaa la kumfikisha juu kulipiwa.

Naomba ukarabati wa makanisa haya nao utozwe sifuri, kisheria, pasipo kupiga foleni ya ruzuku. Na kabla ya bajeti ijayo, njoo Chesterfield upande mnara, uzitazame boriti zile kwa ndani. Ngazi ni nyembamba. Vaa viatu visivyoteleza.

Wako,
Seremala, Derbyshire