Asiyeona naye atie mguu matopeni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo halijanitoka moyoni tangu safari yetu ya mwisho ya skuli. Nasomesha skuli ya msingi wilaya ya Wete, na darasani kwangu wamo viziwi wawili, msichana asiyeona, na mvulana anayetembelea magongo. Tuliwapeleka wote, pamoja na wenzao, kwenye kituo kimoja cha elimu ya mazingira hapa visiwani. Jina naliacha, kwani yaliyotokea pale naamini yangeweza kutokea kwengine.

Yule msichana alibakishwa kwenye benchi chini ya mwembe. Muongozaji hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole kabisa, "Huyu apumzike hapa, njia ina mizizi," akaondoka na wenzake. Mimi nilikuwepo na sikusema kitu. Tuliporudi, saa nzima baadae, tulimkuta amekusanya majani yaliyodondoka na kuyapanga mapajani mwake, makavu upande mmoja, mabichi upande wa pili. Hakuna aliyemwambia afanye vile.

Asubuhi ya siku ile mama yake alikuwa ameniuliza, "Mwalimu, huyu ataona nini huko?" Nikamjibu kwa kujiamini kwamba atajifunza. Basi alijifunza kukaa.

Viziwi walitembea njia nzima, lakini muongozaji alikuwa akieleza huku anatangulia, uso mbele. Mtoto anayefuata midomo na mikono ataambulia nini kwenye kisogo? Palitokea kichekesho pia. Tulipokaribia wanyama tuliamrishwa kimya, darasa zima likabana pumzi, na wale wawili wakaendelea na soga zao kwa mikono, raha mustarehe, wala hakuna mnyama aliyeshtuka. Niliwaonea wivu.

Ndugu Mhariri, mazingira ni somo la kugusa, kunusa na kuonja. Kama lipo somo ambalo mtoto mwenye mahitaji maalumu hana haja ya kusubiri vifaa kutoka ng'ambo ndipo alisome, ni hili. Sisi tumeligeuza likawa somo la kusoma mabango na kusikiliza hotuba, kisha tunashangaa kwamba wengine hawaliwezi.

Wiki chache baadae nilimpeleka yule msichana, pamoja na wenzake watano, kwenye mikoko iliyo karibu na skuli. Maji yalikuwa yamekupwa. Nilimchumia jani la mchu, aina moja ya mikoko, nikamwambia alilambe. Mchu huishi kwenye maji ya bahari na chumvi iliyozidi huitoa kupitia majani. Alilamba, akakunja uso, akalamba tena. "Mwalimu, huu mti unatoka jasho!" Nimesomesha mikoko miaka mingi kwa ubao na chaki, na sikuwahi kupata maelezo mazuri kama hayo. Kisha akapiga magoti akapapasa mizizi ya mchu inayochomoza matopeni kama vidole kutafuta hewa, akahamia kwenye ya mkoko wenyewe, ile iliyojipinda na kuunyanyua mti juu ya maji. Aliuliza kwa nini huu umesimama na ule unachungulia. Tulibaki hapo hapo muda mrefu.

Halafu tukapanda. Mbegu ya mkoko ni ndefu, huna haja ya kuchimba shimo, unaichomeka kwenye tope mpaka kiasi cha theluthi yake. Tulifunga kamba baina ya vijiti viwili, na fundo kila hatua moja. Akifika penye fundo, anachomeka. Mstari wake ulinyooka sawasawa. Sisi tuliopanda kwa kukisia tulikwenda kombo.

Kamba ile ilikuwa ya kufungia mbuzi. Nalisema hili kwa sababu kila tunapozungumzia watoto hawa jawabu huwa bajeti. Kweli, mambo mengine yanataka fedha. Mvulana wangu wa magongo hatapita kwenye tope bila ya njia. Lakini pale Pete, kisiwani Unguja, upande wa Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, ipo njia ya mbao juu ya mikoko na wageni wanapita. Kwa hiyo kujenga tunajua. Njia kama hizo zikijengwa kwengine, zipimwe upana kwa kigari cha mtoto asiyeweza kutembea tangu mwanzo, si baada ya mtu kulalamika.

Mengine ni ya bure. Muongozaji ageuke, asimame, ndipo aseme. Mtoto mwenye ulemavu wa akili asimamishwe mahali pawili njiani badala ya kumi, arudishwe hapo hapo mpaka alishike somo. Na popo wetu wa Pemba, asiyepatikana popote duniani ila hapa, mbawa zake zikikunjuliwa hufikia kiasi cha mita 1.5. Kwa asiyeona, tarakimu hiyo haisemi kitu. Mpe ncha moja ya kanga, mwenzake ashike ncha ya pili, waivute kwa urefu wake. Popo ndiye huyo.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Kifungu cha 24 kinahusu elimu, na cha 30 kinataka watoto hawa washiriki sawa na wenzao katika michezo na mapumziko, hata yale yanayoandaliwa na skuli. Siutaji ili kumtisha mtu. Nautaja kwa sababu safari za skuli tunazichukulia kama hisani, na mtoto aliyeachwa kwenye benchi hujiona hana cha kudai.

Na sisi walimu tuna letu. Nilipopiga simu kituoni kupanga safari ile nilitaja idadi ya wanafunzi na saa ya kufika, basi. Sikusema nakuja na nani, na wao hawakuuliza. Naviomba vituo viulize, khasa sasa skuli zinapoanza kupanga safari za muhula ujao. Mimi nimeshawapigia wale wale, na safari hii nimesema. Muongozaji yule yule alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akaniuliza kama yule msichana anaogopa konokono.

Nimemwambia haogopi.

Mwalimu wa skuli ya msingi,
Wete, Pemba