Asante, Bibi wa manoomin

Bibi, jina lako silitaji kwa kuwa hukutaka, ila wema wako unastahili mashahidi. Hapa Duluth, Minnesota, watoto wa chekechea ninaowalea walidhani Waanishinabe, wenyeji asilia wa huku Amerika Kaskazini, ni watu wa zamani waliokwisha. Ukaja, ukaketi nao mkekani, ukawasalimu: “Boozhoo!” Ukawapa vijiti vyepesi vya mwerezi wavishike, ukawaonyesha manoomin, mpunga wa ziwani, unavyopigwa taratibu punje ziangukie mtumbwini, nyingine zirudi majini ziote mwakani. Heshima, mojawapo ya mafundisho saba ya Mababu, waliielewa papo hapo. Walipoomba hadithi za Nanabozho, shujaa wa ngano zenu, ukakataa kwa upole: hizo husimuliwa majira ya baridi. Na theluji ilipoanguka, kweli ulirudi! Miigwech, yaani asante, Bibi. Walezi wenzangu, waalikeni wazee wenyewe, na muwalipe kwa muda wao.