Asante, wewe uliyeuliza kuhusu taa

Jina lako silijui, lakini swali lako kuhusu mlango wangu wa gereji, ule unaofunguliwa na mota, nalikumbuka neno kwa neno: "Rimoti inapogoma, taa ya mota huwa imewaka au imezima?" Nashukuru sana, ndugu yangu.

Kwa miezi miwili mlango wa gereji ulinichezea. Leo unafunguka, kesho hausikii. Nilibadilisha betri za rimoti mara mbili, nikafuta vile vijicho vya usalama vilivyo karibu na sakafu, vinavyozuia mlango usimshukie mtu, hata reli nikazipaka grisi (hazikuhusika kabisa, ila mtu akiwa na hasira hupaka grisi chochote). Swichi ya ukutani haikuwahi kukosea, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka: mota ni nzima, shida iko kwenye mawimbi ya rimoti.

Basi nikasimama nitazame. Nilipobonyeza mara ya kwanza mlango ukapanda, taa ikawaka. Kubonyeza ushuke, kimya. Nikasogea mpaka chini ya mota, ndipo ukakubali. Nikaufungua tena, nikarudi mbali, nikangoja taa izime yenyewe, nikabonyeza: ukashuka bila ubishi. Kumbe ni balbu ya LED niliyoifunga kwenye taa ya mota kwa mikono yangu! Saketi yake ilikuwa ikitoa kelele za redio pembeni mwa antena, zikaifunika rimoti.

Nimeweka balbu iliyotengenezwa kwa ajili ya mota za gereji. Hii wiki ya tatu, haijagoma. Na fundi alikwishaniambia ninunue mota mpya.