Maji, si mafuta ya taa, ndiyo yasafishayo gobore

Mhariri,

Kusafisha mtutu wa gobore kwa mafuta ya taa au oili ni kosa. Zaidi ya nusu ya baruti nyeusi inayotumiwa na gobore haigeuki gesi ikiwaka. Hubaki masizi yenye chumvi za potasiamu zinazofyonza unyevu na kuleta kutu. Chumvi hizo huyeyushwa na maji. Oili huzigandisha kama lami.

Hakikisha kwanza gobore haina kitu ndani. Siku ileile ya kufyatua, sugua mtutu kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni mpaka kitoke safi. Zibua tundu la moto, yaani kitundu kipitishacho moto hadi kwenye baruti, kwa waya wa shaba. Kausha, hasa mwisho wa ndani wa mtutu ambako maji hujificha, ndipo upake mafuta mepesi. Kesho yake pitisha kitambaa tena. Kikitoka na wekundu, rudia.

Msomaji