Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo: someni jenomu za hawa bakteria wa mafua ya kuku

Mheshimiwa Mkurugenzi, salamu na heshima zako.

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua za kawaida tumeshaandika, vikao tumehudhuria, na tukipiga simu ofisini kwako tunapokelewa vizuri tu, ila jibu ni lile lile, suala lenu linafanyiwa kazi. Juzi mafua yamerudi bandani kwangu na safari hii yamepiga kuku waliochanjwa, tena kwa ratiba yenu na kwa mkono wa mtaalamu wenu.

Sijui kama umewahi kumshika kuku wa namna hii karibuni. Uso umevimba upande mmoja mpaka jicho limeziba, puani kuna ute mzito umenasa vumbi la chakula, na ile harufu ya uozo inajaa banda zima. Usiku ukisimama mlangoni unawasikia wanakoroma. Hawafi wengi kwa mpigo, labda ndo maana huko juu haionekani dharura, lakini mayai yanashuka kwa asilimia 10 mpaka hata zaidi ya 40 na anayenidai hela ya chakula hajapunguza hata shilingi.

Majibu ya maabara yakaja mstari mmoja: Avibacterium paragallinarum imepatikana. Nashukuru, ila hilo daktari wetu alishalisema kwa kumwangalia kuku tu. Sisi tunataka kujua ni yupi! Huyu bakteria ana makundi A, B na C, na chanjo ya kundi moja haimkingi kuku dhidi ya kundi lingine, kwahiyo kama anayezunguka huku hayumo kwenye chanjo mnayotuletea basi tunawachoma kuku sindano za bure. Mimi nahisi ndo kilichotokea. Au chanjo ilipata joto njiani, au kuna mycoplasma, bakteria mwingine wa njia ya hewa, imejificha humo humo ndani, maana haya magonjwa yanapenda kuja pamoja. Nahisi tu, kwasababu kuhisi ndo kazi tuliyoachiwa wafugaji.

Na dawa pia tunabahatisha. Leo tailosini, ikigoma oksitetrasaiklini, ikigoma enrofloksasini, na kuna watu wanampa penisilini kuku mwenye mycoplasma, wakati mycoplasma hana kabisa ule ukuta wa seli ambao penisilini inaushambulia! Dalili zinapoa, dozi ikiisha ugonjwa unarudi, maana kuku aliyepona mafua anabaki na bakteria na anawaambukiza wenzake. Huku usugu wa bakteria kwa dawa unajengeka, na usugu hauishii kwa kuku.

Mheshimiwa, kusoma jenomu ya bakteria, yaani DNA yake yote, siyo jambo la kusubiri wajukuu. Haemophilus influenzae, ambaye ni wa familia moja na huyu wa mafua ya kuku, alisomwa jenomu yote mwaka 1995. Mycoplasma gallisepticum alisomwa 2003, ana herufi za DNA milioni 1 hivi tu. Siku hizi kuna mashine za kusomea DNA zinazoenea kiganjani. Ukishasoma unaona jeni za usugu, unaona kama bakteria wa kwangu na wa jirani ni ukoo mmoja au kila mtu kaletewa wa kwake na vifaranga au kreti za mayai, na kwa mycoplasma unamtofautisha wa ugonjwa na yule wa chanjo hai (chanjo yenye bakteria mzima), kitu ambacho kipimo cha kawaida cha damu hakikuambii.

Uliahidi mwenyewe mbele ya wafugaji kwamba sampuli zetu zitatunzwa na zitasomwa. Tulipiga makofi. Sasa naomba kuuliza, ziko wapi? Maana huyu bakteria akitoka kwa kuku hadumu, maabara wanamwotesha pembeni ya bakteria mwingine anayempa virutubisho, ukichelewesha sampuli au kuku akishapewa dawa humpati tena. Kila mlipuko unaopita bila kuhifadhiwa, ushahidi umepotea, na mwaka unaofuata tunaanza upya na mstari ule ule mmoja wa majibu.

Sijaomba fidia, ingawa ningekuwa na haki ya kuomba. Sijaomba semina nyingine. Naomba bakteria wa mlipuko huu wasomwe jenomu, wasomwe sasa wakati kuku wagonjwa bado wapo na sampuli zinapatikana, na majibu yatufikie sisi wenye kuku, yasiishie kwenye ripoti za ofisini.

Kundi langu jipya linakaribia umri wa dozi ya kwanza ya chanjo ya mafua na sijui niwachanje na ipi. Tafadhali nijibu kabla ya hapo.

Wako,
Mfugaji wa kuku wa mayai