Swaleh, msianze safari ya Kisumu kabla hamjafanya haya

Doha

Mama, shikamoo. Ama baada ya salamu, mimi mzima, Alhamdulillahi, na kazi ya gereji inaendelea. Barua hii someni wote, ila hasa ni ya mdogo wangu Swaleh, maana nimesikia anahama Mombasa kwenda Kisumu na wenzake watatu, kwa gari aina ya Noah, na vyombo vyote ndani.

Swaleh, kilomita 830 hivi si nyingi kwa gari zima. Kinachoumiza gari ni mzigo. Noah ya viti vinane imepigiwa hesabu ya Kijapani ya kilo 55 kwa kila abiria, yaani kilo 440, watu na mizigo pamoja. Nyinyi wanne, kila mmoja akiwa na kilo 70, mmeshakula 280. Zimebaki 160 tu. Kitanda cha mvule na friji vipelekwe kwa lori, na friji isafirishwe ikiwa imesimama. Mtungi wa gesi uacheni hapo nyumbani, msilale nao wala msisafiri nao ndani ya gari lililofungwa vioo.

Vizito, kama vitabu, sufuria na gunia la mchele, viwekwe sakafuni, vikiegemea mgongo wa kiti cha kati. Mkivirundika kule mlangoni nyuma, pua ya gari inainuka, usukani unakuwa mwepesi, na trela ikiwapita kwa kasi gari linayumba kama ngalawa. Juu ya keria wekeni magodoro peke yake, tena ukingo wa mbele ndio wa kufungwa kwanza na kukazwa zaidi, kwa sababu upepo huingilia hapo na kulinyanyua godoro zima. Mkifika Mariakani simameni mkaze kamba upya. Kamba mpya hulegea katika kilomita za mwanzo, hata ifungwe na nani.

Tairi sasa. Ubavuni tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 1819 maana yake wiki ya 18 ya mwaka 2019. Ikishapita miaka sita mimi siiamini kwa safari hii, hata kama meno bado marefu. Mpira unakuwa mgumu, na juani kule Taru ngozi ya juu inaweza kubanduka. Upepo pimeni alfajiri tairi zikiwa baridi, mfuate kipimo cha gari lenye mzigo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Wengi hupunguza upepo kwa hofu kwamba joto litapasua tairi. Hilo ni kosa kubwa! Tairi laini chini ya mzigo hujikunja kila mzunguko, na huko kujikunja ndiko kunakoichemsha mpaka ipasuke. Spea nayo ipimwe.

Jambo linalonikosesha usingizi zaidi ni breki. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani unaijua. Yale ya aina ya DOT 3 (si ile DOT ya tairi) yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, yakishanywa maji ni 140 tu. Yakichemka yanafanya mapovu, na pedali inazama mpaka chini bila gari kushika. Mombasa hamtaliona hilo, hakuna mteremko wa kulifichua. Litaonekana mkiteremka kutoka Limuru kwenda Naivasha, au baada ya Kericho mkishuka kwenda Ahero, ambako barabara inapoteza zaidi ya mita 800. Fundi abadilishe mafuta yote, lita moja inatosha, na ablidi, yaani atoe hewa kwenye breki, akianza gurudumu la mbali zaidi: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Mteremkoni tieni gia ndogo mapema, msikae na mguu juu ya breki. Pedali ikizama, ipigepige haraka haraka, shusha gia, kisha vuta hendibreki polepole.

Redieta isijazwe maji ya kisima. Yana chumvi, yanaitafuna kutoka ndani. Tieni kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, na mfuniko msiufungue injini ikiwa moto.

Ondokeni baada ya Alfajiri. Baina ya Voi na Mtito Andei mnapita katikati ya Tsavo, na usiku ndovu na nyati huvuka barabara, taa zenu zikiwaonyesha mkiwa mmeshawafikia. Dereva wawe wawili, wapokezane kila saa mbili. Makindu kuna hekalu la Masingasinga, msafiri yeyote hula pale bila kulipishwa, mkiwa na chochote mtie sandukuni. Nairobi msiingie mjini, shikeni Southern Bypass mtokee njia ya Nakuru. Saa tisa ikiwakuta hamjapita Nairobi, laleni hapo hapo. Mkipita Salgaa, mbele ya Nakuru, nyinyi mtakuwa mnapanda, ila malori yanateremka upande wa pili na breki zao zimechoka, basi kaeni kushoto kabisa.

Mama, naomba umhimize aende kwa fundi wiki hii, si siku ya kuondoka. Na wewe Swaleh, mafuta ya breki yatakayotolewa uyatie kwenye chupa safi, uyapige picha juani unitumie. Nikiona rangi yake nitajua hizo breki zimekaa muda gani bila kuguswa.

Ndimi kakako.