Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: tuunganishe wenye viwanda vidogo

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salaam kutoka Mwandiga. Mimi ni mtengenezaji wa sabuni za mawese na mise, yaani mafuta ya kokwa za mchikichi.

Mnunuzi akivuka ziwa kutoka Kalemie, Kongo, au akija kutoka Bujumbura, anataka shehena ya sabuni ya aina moja: uzito mmoja, ugumu mmoja, povu lile lile. Hakuna kati yetu watengeneza sabuni anayeweza kuijaza peke yake. Kila mtu ana kipimo chake cha kostiki soda, kemikali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, tena anaiagiza kidogo kidogo kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200, kwa bei ya rejareja. Mwenzetu mmoja ana mashine ya kukamua mise inayolala nusu ya wiki, huku jirani yake akihangaika kutafuta mafuta hayo hayo sokoni. Oda inaondoka.

Tukisema, tunajibiwa: undeni kikundi. Mheshimiwa, kikundi kilichoundwa kwa ajili ya mkopo hufa mkopo ukiisha, na hatutaki kugeuza viwanda vyetu kuwa mali moja. Italia ilitunga sheria mwaka 2009 inayoruhusu kampuni kufunga mkataba wa mtandao, yaani wa kushirikiana, si wa intaneti. Kila kampuni inabaki na mmiliki wake, jina lake na hesabu zake, ila yale yaliyoandikwa mkatabani wanayafanya pamoja, uwe ununuzi, utafiti au kutafuta soko. Kwingine wanaendelea kushindana. Hilo ndilo tunalolitaka hapa.

Ofisi ya SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, tunayo mkoani. Naomba apatikane afisa mmoja pale wa kazi hii tu: ajue nani ana mashine gani, nani ana nafasi wiki hii, oda igawanywe vipi. TBS, shirika la viwango la taifa, watusaidie kukubaliana kipimo kimoja cha sabuni. Na mwanasheria wa mkoa atuandikie mkataba wa mfano unaosema wazi nani anabeba hasara shehena ikirudishwa kwa ubora hafifu. Hapo ndipo makubaliano yetu ya mdomo huvunjika, na watu wakaacha hata kusalimiana.

Tuanze na sabuni za shule za bweni na vituo vya afya vya mkoa huu. Kostiki soda ya kwanza tutachangishana wenyewe. Wewe tuitie kikao, na mafundi wa kuchomelea wa Gungu wawemo, maana wao ndio wanaotuundia mashine.

Wako,
Mtengeneza sabuni, Mwandiga